Kulima zabibu na kutengeneza divai Puglia: sukari inakuja yenyewe, asidi ndo ya kuilinda

Kusini mwa Italia, hasa Puglia kule Salento na Manduria, sukari kwenye zabibu sio shida kabisa, jua linakupa mpaka basi. Shida ni asidi, ule uchachu kama wa limau unaofanya divai isiwe nzito na butu mdomoni, huo joto linaumaliza haraka sana, kwahiyo toka kupanda mpaka pipani akili yako iwe hapo.

Miche nunua iliyobebeshwa, usichomeke tu tawi la jirani, manake kuna kadudu kanaitwa filoksera kanashambulia mizizi ya mzabibu wa Ulaya mpaka unakufa, ndo maana tunabebesha juu ya shina la Kimarekani. Kwa ukame na udongo wa chokaa omba mashina yanayoitwa 1103 Paulsen au 140 Ruggeri, aina zote mbili zilizalishwa Sicilia kwa ajili ya mazingira kama haya. Juu weka aina ya zabibu nyekundu iitwayo Primitivo inayowahi kuiva, au Negroamaro inayochelewa kidogo na kuvumilia joto.

Umbo mi nakushauri alberello, yaani kimti kifupi kisicho na waya, mikono 2 mpaka 4 imefunguka kama bakuli na majani yanafunika vishada. Kisiwani Pantelleria kila mzabibu wanauchimbia kishimo ukae chini upepo usiuchape, na kilimo hicho UNESCO ilikitambua 2014. Pogolea kipindi cha baridi, kila mkono ubakie na kitawi chenye macho 2.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni la mwezi wa sita, mtu anapukutisha majani yote ati vishada vipate hewa, halafu mwezi wa saba jua la saa nane mchana linazibabua zabibu, ukizishika zimenywea upande mmoja, kahawia, na ladha ni ya kitu kilichochemshwa. Toa majani ya upande wa jua la asubuhi tu, na machache.

Dawa ya magonjwa ya ukungu ni salfa kwa ubwiri unga na kopa (shaba) kwa ubwiri vinyoya, ila salfa usipige kwenye joto kali itaunguza majani. Na usijidanganye kwamba huku ni kukavu: 2023 mvua za mwezi wa tano na wa sita zilifululiza, ubwiri vinyoya ukafyeka mashamba mengi ya kusini.

Kuvuna ndo moyo wa kazi. Primitivo inaiva mwisho wa mwezi wa nane au mwanzoni mwa wa tisa, na sukari inapanda fasta, ukizubaa siku 4 umepata divai nyingine kabisa. Onja kila asubuhi, tafuna na mbegu, ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga umekaribia. Gramu 17 za sukari kwa lita zinatoa kama asilimia 1 ya kilevi, kwahiyo juisi yenye gramu 255 itafika 15. Vuna alfajiri, kwenye kreti fupi zisipondane.

Toa vikonyo, ponda, weka metabisalfaiti, ule unga wa salfa wa kuzuia vijidudu, gramu 10 kwa kilo 100 za zabibu, halafu hamira ya divai. Asidi ikiwa chini ongeza asidi ya tatariki, ambayo ni asidi ya zabibu yenyewe, mwanzoni kabisa, gramu 1 kwa lita kisha uonje, hiyo inaruhusiwa huku, ila kuongeza sukari sheria ya Italia inakataza. Maganda yatapanda juu, yazamishe mara 3 kwa siku. Chomeka mkono katikati yake na utashangaa, ni moto kuliko juisi ya chini, ndo maana thamomita lazima: shikilia nyuzi 25 mpaka 28, ikikaribia 35 hamira inakufa na sukari inabaki humo. Tumbukiza chupa za maji ya barafu zilizofungwa vizuri. Na fungua milango na madirisha, gesi inayotoka pale haina harufu, inajaa chini na inaua mtu kweli, usiingie peke yako.

Baada ya siku 7 mpaka 10 kamua, jaza chombo mpaka shingoni hewa isibaki, hamisha ukiacha mashapo. Tarehe 11 Novemba, siku ya San Martino, watu huku wanaonja divai mpya, na wewe chota glasi, itakuwa bado ina ukungu na inakwaruza ulimi, irudishie kifuniko mpaka joto lirudi ndo uhamishe tena.