SOMO: Kuruka kwa upondo – rekebisha mguu kwanza, bembea itafuata

Wakuu, swali la "bembea yangu haina nguvu, nifanyeje?" nimelijibu mpaka nimechoka. Naliandika hapa mara moja. Bembea, yaani kurusha mwili mbele na juu ukining'inia kwenye upondo, ikiwa mbovu karibu kila mara huanzia chini, mguu ungali ardhini. Maelezo ni ya anayetumia mkono wa kulia; wa kushoto ageuze.

1. Mkono wa kulia juu, wa kushoto chini yake, ukipishana kwa upana wa mabega au zaidi kidogo.

2. Kimbia ukiwa wima, magoti juu, ncha ya upondo ikishuka taratibu.

3. Anza kuinua mikono katika hatua tatu za mwisho. Mguu wa kushoto ukikanyaga, mikono iwe imeshafika juu.

4. Mguu wa kurukia. Hatua hii ndiyo iliyonitesa kuliko zote, kwa hiyo isome mara mbili. Mkono wa juu na vidole vya mguu wa kushoto viwe kwenye timazi moja, yaani mstari mmoja wa wima. Mguu ukitangulia kuelekea kisanduku (shimo la kuchomekea ncha ya upondo), umekanyaga ndani: upondo unakushika kabla hujaondoka ardhini, mkono unavutwa nyuma, mgongo unapinda, na nyonga hazina tena nafasi ya kubembea. Wengi hukimbilia kusogeza alama ya kuanzia nyuma, kisha wanarefusha hatua za mwisho kulifukuza kisanduku na kukanyaga ndani vilevile. Weka alama ya kati, hatua sita kabla ya kuruka, mwenzako aitazame. Hatua ya mwisho iwe fupi na ya haraka. Piga video kutoka ubavuni, usimamishe picha mguu unapoachana na ardhi.
ONYO: ukikanyaga ndani sana, usilazimishe. Achia mruko, pita mbio. Mabega na kiuno huumia hapa.
ONYO: usipandishe mshiko mpaka timazi itulie.

5. Ruka kwenda juu, goti la kulia mbele, mkono wa juu umenyooka.

6. Bembea. Mguu wa kushoto ubaki nyuma kidogo, umenyooka, kisha uufyatue chini na mbele ukiwa mrefu vilevile, huku mikono yote miwili ikisukuma upondo. Ukikunja goti mapema utageuka upesi, lakini utaupa upondo nguvu kidogo. Usiutazame ufito unaorukwa.

MASWALI

Mwanafunzi_Mpya: Upondo wangu haupindi kabisa. Nitafute laini zaidi?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 4.

Mwanafunzi_Mpya: Nimesoma. Kuna wa uzito wa chini kuliko wangu, naweza kuujaribu?

Jibu: Uzito ulioandikwa kwenye upondo, yaani wa mrukaji unaoweza kumbeba, una sababu zake. Wa chini ya uzito wako unaweza kuvunjika au kukurusha pabaya. Shusha mshiko, kimbia hatua sita tu, lete video ya ubavuni. Bila video sijibu tena.

Mdadisi: Nasikia wengine huondoka ardhini kabla upondo haujagonga kisanduku. Hawapotezi msukumo?

Jibu: Swali zuri sana. Ndiyo njia aliyoifundisha Vitaly Petrov, kocha wa Sergey Bubka, mrukaji wa upondo wa Ukraine. Upondo ukigonga mguu wako ungali chini, sehemu ya mwendo wako hupotelea mwilini. Ukiwa umeshaondoka, hata kwa kitambo kidogo mno, unaingia ukiwa juu zaidi na upondo una pembe kubwa zaidi na ardhi, hivyo unasimama kwa urahisi. Bubka aliruka 6.14 m mwaka 1994, na hakuna aliyeipita katika uwanja wa wazi hadi Armand Duplantis wa Sweden mwaka 2020. Lakini lenga timazi kwanza. Ukichelewa kidogo hutaumia sana.

Mdadisi: Na bembea naweza kuifanyia mazoezi bila upondo?

Jibu: Tena sana. Ning'inia kwenye chuma cha mazoezi, mikono imenyooka, peleka miguu iliyonyooka mpaka iguse chuma. Kamba nene nayo inafaa. Rudia taratibu, bila kujirusha.

Kiatu_Chepesi: Nyongeza: msiuache upondo chini njiani. Msumari wa kiatu ukiukwaruza, hapo ndipo utakapovunjika siku nyingine.

Jibu: Asante, hili ni muhimu. Kagua upondo wako kabla ya kila zoezi.

Kiatu_Chepesi: Na ufito uwekwe wapi?

Jibu: Sheria inaruhusu kuanzia 0 hadi 80 cm nyuma ya ukuta wa kisanduku. Anayejifunza auache kwenye 80.