Kontrola ya zamani batani zikigoma: anzia hapa kabla hujanunua raba mpya

Batani ikigoma kwenye kontrola ya kizamani, mara nyingi hakuna kilichokufa humo ndani, ni uchafu tu. Jasho la vidole, vumbi, soda iliyomwagika enzi hizo, vyote vinashuka pembeni mwa batani na kukaukia huko. Sasa watu wanakimbilia kununua seti ya raba mpya, yaani zile raba laini za ndani zinazokaa chini ya batani, zile orijino wanatupa, na hapo ndo wanapoharibu, maana raba nyingi za siku hizi ni ngumu kubonyeza na mguso wake haufanani kabisa na ule wa kiwandani. Kwa hiyo tunaenda kwa mpangilio: kwanza tujue ugonjwa uko wapi, alafu tusafishe, alafu ndo tuongelee kubadilisha.

Nitakaa zaidi kwenye kontrola za NES na SNES za Nintendo na Mega Drive ya Sega kwa sababu ndani zinafanya kazi kwa mtindo mmoja, raba inashuka inagusa bodi ya saketi. Atari 2600 na Nintendo 64 zina mambo yao, nitazigusa mwishoni.

Soma dalili kwanza, bisibisi iache mezani

Chomeka kontrola, washa gemu yoyote, bonyeza batani moja moja na uandike pembeni ipi inaitika, ipi inasita, ipi imekufa kabisa. Usidharau hii hatua, inakuokolea muda mwingi.

NES ina batani 8 lakini nyaya zinazoenda kwenye konsoli ni 5 tu. Inawezekana vipi? Ndani kuna chipu moja inaitwa 4021, kazi yake ni kuchukua hali ya batani zote nane kwa mpigo alafu kuzituma moja baada ya nyingine kupitia waya mmoja. Maana yake ni kwamba waya ukikatika hupotezi batani moja, unapoteza zote, au kontrola inaanza wazimu wa kujibonyeza yenyewe. Kwa hiyo batani moja ikifa peke yake, waya usiuguse hata kidogo, tatizo ni raba au bodi pale chini yake. Zikifa zote, raba iache, fuata waya.

Kontrola ya Mega Drive ya batani tatu ina siri yake nzuri: A na B zinapokezana kwenye waya mmoja, ule wa pini namba 6 ya plagi, na C na Start zinapokezana kwenye waya wa pini namba 9. Ukiona A na B zimekufa pamoja wakati C iko fresh, raba mbili kuchoka siku moja ni bahati mbaya sana, we pima pini 6. Atari ni tofauti kabisa, kule kila upande una waya wake, kwa hiyo kushoto kufa peke yake kunaweza kabisa kuwa waya.

Hatua ya 1: Fungua

Hizi kontrola zinafunguka na bisibisi ndogo ya nyota ya kawaida, zile skrubu za ajabu zinazohitaji bisibisi maalum ziko kwenye konsoli zenyewe, kama SNES na Nintendo 64. NES ina skrubu 6 nyuma, SNES ina 5. Nintendo 64 ina mbili fupi zimejificha ndani ya tundu la kuchomekea memori, watu wanavunja kava kwa kulazimisha bila kuziona.

Hakikisha ncha ya bisibisi imekaa sawasawa kwenye skrubu, sukuma chini ndo uzungushe. Kichwa kikilika umejiletea kazi nyingine. Laza kontrola kifudifudi, inua kava la nyuma polepole, piga picha na simu hapo hapo kabla hujagusa kitu, hasa jinsi waya ulivyopita kwenye vile vinguzo vya plastiki, maana vile ndo vinazuia waya usivutike hadi kwenye bodi na ukiupitisha vibaya wakati wa kufunga utarudi kufungua tena baada ya wiki mbili.

Hatua ya 2: Jaribio la kipande cha waya

Hii ndo naipenda kuliko zote. Toa raba pembeni, acha bodi imechomekwa kwenye konsoli, washa gemu. Kwenye bodi utaona alama nyeusi chini ya kila batani, ziko kama vidole viwili vilivyoingiliana bila kugusana. Chukua kipande kifupi cha waya, gusisha pande zote mbili za alama ya batani iliyokufa. Hicho ndicho raba inachofanya kila siku, kwa hiyo huunguzi kitu, ila usihangaike na waya wako sehemu nyingine za bodi.

Gemu ikiitika, bodi nzima, chipu nzima, waya mzima, mwenye kosa ni raba. Isipoitika, safisha alama kwanza alafu rudia. Bado? Basi kuna njia imekatika kwenye bodi na utaitafuta kwa mita ya umeme (multimita) kutoka kwenye alama mpaka kwenye mguu wa chipu. Nje ya hapo ni nadra chipu yenyewe kufa.

Jaribio hili usilitumie kwenye DualShock 2, kontrola ya PlayStation 2, zile batani zake zinapima hadi nguvu ya kubonyeza, ni mfumo mwingine.

Hatua ya 3: Usafi

Kava na batani za plastiki osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani unaingia vizuri kwenye pembe. Raba nazo zinaoshwa hivyo hivyo, taratibu, bila kuzikamua. Zikauke kabisa, na nikisema kabisa namaanisha ukizigeuza hakuna tone limejificha ndani ya kile kikombe.

Bodi haiogi maji. Chukua alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, pamba ya masikio, pitisha kwenye zile alama nyeusi kwa wepesi mpaka pamba itoke safi. Weusi kidogo kwenye pamba ni kawaida, ila ukiona unaendelea kutoka tu, acha, sasa unakwangua kaboni yenyewe. Ndo maana msasa ni marufuku hapa, ule weusi si uchafu, ni kaboni iliyopakwa juu ya kopa makusudi ili kopa isishike kutu. Na yale mafuta ya kupuliza ya kulegeza nati, tafadhali, yaache kwenye bawaba za mlango.

Hatua ya 4: Vidonge vya kaboni

Geuza raba uangalie chini. Kila batani ina kidonge cheusi bapa. Kidonge kizima hakina mng'ao, rangi ni moja pote. Kilichochoka kinang'aa, kimelainika katikati, au kina utando wa kijivu juu.

Kabla ya dawa yoyote, pima. Weka mita kwenye ohm, gusisha ncha mbili juu ya kidonge zikiwa karibu karibu, usizichomeke ndani. Namba peke yake haikuambii sana kwa sababu inabadilika kulingana na ulivyokandamiza, cha kufanya ni kulinganisha na kidonge cha Start au Select kwenye kontrola hiyo hiyo, hizo batani hazibonyezwi sana kwa hiyo huwa karibu na upya. Start ikisoma ohm mia mbili na A ikasoma elfu kumi, umeshapata jibu.

Dawa ya kwanza ni karatasi nyeupe ya kawaida ya printa. Iweke mezani, laza kidonge juu yake, sugua kwa duara bila kukandamiza. Itaacha alama ya kijivu, huo ndo utando uliokuwa unazuia umeme. Mara tano sita, pima tena. Nimeona vidonge vingi vinafufuka kwa karatasi tu na ndo maana naianza hii kabla ya kitu chochote cha kununua.

Ikikataa, kuna rangi ya kaboni inayopitisha umeme, inauzwa kwenye vichupa kwa ajili ya kutengeneza rimoti na kibodi. Paka tabaka jembamba, acha ikauke masaa 24 bila haraka. Penseli laini ya 6B inasaidia kwa muda, nzuri kwa kuthibitisha kwamba tatizo ni kidonge, ila usiihesabu kama matengenezo. Karatasi ya aluminiamu iliyogundishwa ndo siipendi kabisa, inafanya kazi siku ya kwanza alafu inaanza kuikwangua kaboni ya bodi, na bodi huwezi kuinunua kirahisi kama raba.

Sasa kama raba yenyewe imechanika pale kwenye shingo, ule ukuta mwembamba unaojikunja ukibonyeza, hapo hakuna gundi. Gundi inaifanya iwe ngumu na itachanika pembeni yake. Hiyo ndo sababu ya haki ya kununua raba mpya, na hata hapo badilisha ile iliyochanika tu, nyingine acha.

Kama kaboni ya kwenye bodi imetoka mpaka unaona kopa, rangi ile ile inatumika, ila kwa brashi nyembamba sana, kila kidole peke yake. Vidole viwili vikiungana kwa rangi, batani itakuwa imebonyezwa milele.

Hatua ya 5: Msalaba wa mishale

Chini ya msalaba wa NES katikati kuna kichuguu kidogo cha plastiki, ndo egemeo lake. Kinazuia usibonyeze juu na chini kwa wakati mmoja, au kushoto na kulia. Kikilika, msalaba unazama wote na gemu nyingine zinachanganyikiwa kabisa zikipokea pande mbili zinazopingana, mhusika anaruka hovyo au anapita kwenye ukuta. Watu wanalaumu kaseti. Angalia pia unga wa plastiki kwenye tundu la kava pale msalaba unaposugua, futa wote, na usitie mafuta. Kichuguu kikiwa kimekwisha, badilisha msalaba, ni plastiki tu.

Hatua ya 6: Waya

Waya unakatika karibu na pale unapoingia kwenye kontrola, au nyuma ya plagi, kwa sababu hapo ndo unapokunjwa. Weka mita kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya plagi, nyingine kwenye ncha ya waya huo huo kwenye bodi, alafu cheza na waya huku unasikiliza. Mlio ukikatika katika, umempata. Fanya kwa nyaya zote, hata ukikuta mmoja mbovu usiishie hapo.

Rangi za nyaya usiziamini, kontrola za kuiga zinapanga wanavyotaka wenyewe. Chora mchoro wako: pini hii, rangi hii, tundu hili kwenye bodi. Kata sehemu iliyokufa yote, sentimita chache hazitakuumiza, chuna, paka risasi kwenye ncha, solda moja baada ya nyingine. Pasi ya kusolda iwe nyuzi 320 hadi 350 za Selsiasi, sekunde mbili tatu kila kiungo utoke, hizi bodi za zamani ukikaa sana kopa inainuka. Kabla ya kufunga pima tena, na pima pia kwamba nyaya mbili jirani hazijagusana.

Atari na Nintendo 64 kwa kifupi

Fimbo ya Atari 2600, ile CX40, haina raba za kaboni, ina vibati vidogo vya chuma vilivyopinda, vimeshikwa na utepe juu ya bodi. Utepe ukilegea vibati vinahama. Inua utepe, safisha bati na bodi kwa isopropili, rudisha katikati, weka utepe mpya. Kama fimbo inalegea tu bila kugusa kibati, angalia plastiki ya ndani ya fimbo, huwa inapasuka.

Stiki ya N64 ndo kichwa ngumu. Wengi wanadhani ina vidhibiti vya umeme vinavyochakaa kama za PlayStation, hapana, ndani kuna visahani viwili vyenye matundu na mwanga unahesabu vinavyozunguka. Umeme wake hauchoki, kinachoisha ni plastiki: bakuli chini ya stiki na mguu wa stiki vinasagana mpaka unakuta unga mweupe humo ndani. Toa unga wote, paka grisi ya silikoni kiasi cha kichwa cha kiberiti, epuka grisi zenye mafuta ya petroli maana zinakula plastiki. Hiyo inapunguza kasi ya kusagika, hairudishi plastiki iliyokwisha, bakuli likiwa na shimo nunua bakuli jipya. Stiki za kubadilishia zenye umbo la GameCube zinadumu, lakini nyingi zina pupa, ukigusa kidogo mhusika anakimbia. Na kama mhusika anatembea peke yake, kabla ya kufungua chochote achia stiki ikae katikati alafu bonyeza L, R na Start pamoja, inajipanga upya. Inawezekana ulikuwa umeishikilia pembeni wakati unawasha konsoli.

Kufunga

Panga batani kwenye kava la mbele, raba juu yake, bodi, waya kwenye vinguzo vyake. Weka kava la nyuma. Sasa skrubu: iweke kwenye tundu, kwanza izungushe kinyume, kama unafungua, polepole mpaka usikie kama imedondoka kidogo, tik. Hapo imekaa kwenye njia yake ya zamani, ndo uanze kukaza. Ukikaza bila hivyo inachonga njia mpya kwenye plastiki na baada ya mara kadhaa haishiki tena.

Kaza zote nusu kwanza, jaribu batani, malizia. Batani ikiwa inashuka bila kurudi vizuri wakati ilikuwa sawa kava likiwa wazi, usifungue tena, legeza skrubu iliyo karibu nayo robo mzunguko uone.