Mfereji ukikauka Minneapolis, usingoje maji yarudi

Simu hizi hunijia baada ya swala ya alasiri. Hapa Kisauni inakaribia saa kumi, nimekaa barazani na kikombe changu cha kahawa tungu. Kule Minneapolis, Marekani, wako nyuma yetu kwa saa tisa, kwa hivyo ni saa moja asubuhi, na kijana wa watu ameamka akafungua mfereji akute kimya. "Mjomba, shikamoo. Huku maji yamekatika."

Marahaba, mwanangu, lakini hayajakatika. Yameganda.

Nilikaa mji huo miaka minane, keateka wa jengo la ghorofa tatu, na kabla ya hapo nilikuwa fundi wa bomba hapa hapa Mombasa. Kwa hivyo kila Disemba ikiingia, wapwa, watoto wa majirani, na hata watu nisiowajua hupewa namba yangu. Wa mwaka huu ni mtoto wa dada yangu, amehamia nyumba ya kupanga ya mbao, yeye na wenzake wawili, na sinki ya jikoni iko ukuta unaotazama kaskazini. Niliyomwambia kwa simu ndiyo haya nayaandika, nisije nikayarudia mara arubaini.

Sisi wa Mombasa ni wajuzi wa mifereji mikavu. Maji yetu ya chemchemi za Mzima husafiri zaidi ya kilomita 200 ndiyo yatufikie, ya visima vya Baricho nayo yanatoka huko mto Sabaki, na paipu ikipasuka njiani au zamu ya mgao ikiwa si yenu, hakuna la kufanya. Unatoa madumu, unaita mwenye mkokoteni, unangoja. Kwetu tatizo liko mbali na wewe. Kule liko hatua tatu kutoka uliposimama, ndani ya ukuta wako, na ukilingoja litakuharibia nyumba. Paipu kubwa za jiji lao zimezikwa zaidi ya mita mbili ardhini kwa sababu hiyo hiyo ya baridi. Inayoganda ni hii nyembamba ya ndani.

Basi usianze kwa kuhangaika, anza kwa kuzunguka nyumba. Fungua kila mfereji. Kama jikoni pakavu na bafuni maji yanatoka, barafu iko kwenye paipu inayokwenda jikoni. Kama ya moto yanatoka na ya baridi hayatoki, umeshajua ni paipu ipi kati ya mbili. Kama nyumba nzima ni kavu, gonga kwa jirani: naye hana, hilo ni la jiji, yeye anayo, basi imeganda pale maji yanapoingilia nyumbani, na hapo usijitie ufundi, mpigie mwenye nyumba. Mpigie hata kama ni mfereji mmoja tu, ajue mapema, asije akasema hukumwambia.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Barafu yenyewe haimwagiki. Hatari iko kwenye kuyeyuka.

Maji yakiganda huvimba, kiasi cha sehemu 9 kwa 100. Ulipokuwa mdogo bibi yako akigandisha ukwaju kwenye vifuko auze, na alikukataza kujaza mpaka kwenye fundo, kifuko kisipasuke. Paipu ni kifuko hicho, ila ya shaba au ya plastiki. Barafu ikiota mahali pamoja inazidi kuyasukuma maji yaliyobaki mbele yake, kati yake na mfereji uliofungwa, na maji hayabanwi. Mbano huo ndio unaopasua, ndiyo maana mara nyingi utakuta paipu imepasuka mahali ambapo hapana hata barafu. Na ikishapasuka hutaona kitu, kwa kuwa kizibo cha barafu kimezuia. Unalala usingizi wako. Kesho jua linatoka, kizibo kinayeyuka, na maji yanamwagika ukutani kwa nguvu zote.

Yalinipata. Januari yangu ya kwanza nilipasha moto paipu ya sinki ya mpangaji mmoja, nikafurahi kuona maji yameanza, nikaenda zangu kunywa chai. Koki kuu, ile inayofunga maji ya nyumba nzima, niliiacha wazi. Nilivyorudi, dari ya chumba cha chini ilikuwa imeshuka kama tumbo la ng'ombe. Tulipobomoa ukuta tukakuta shaba imepasuka kwa urefu wa kidole, imefumbuka kama mdomo wa tewa. Mpangaji yule, mzee wa kizungu, hakunigombeza. Aliniletea taulo. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Kwa hivyo mambo mawili, na yafanywe pamoja. Mfereji uliokauka ufungue, wa moto na wa baridi, ili mbano upate pa kutokea. Koki kuu ya nyumba ifunge. Wako mafundi watakaokwambia uiache wazi, kwamba maji yakianza kupita yatasaidia kuyeyusha barafu iliyobaki. Ni kweli, husaidia, na fundi aliyezoea aifanye. Wewe hujazoea. Funga, pasha, halafu mwenzako asimame kwenye koki aifungue robo tu, na wewe uweke sikio ukutani.

Koki hiyo iko wapi? Swali hili huwa linaleta kimya kwenye simu. Nyumba nyingi za kule iko chumba cha chini ya ardhi, karibu na mita, upande wa barabarani. Vile vikoki viwili vilivyo chini ya sinki sivyo: vinafunga maji ya mfereji ule tu, paipu ya ukutani inabaki na maji yake. Kwenye ghorofa za kupanga huenda koki kuu iko nyuma ya mlango uliofungwa, na ufunguo anao keateka. Itafute siku unayohamia, kabla hujatandika kitanda, na ujaribu kama inazunguka. Nyingine hazijaguswa miaka, zimeshika.

Kupasha moto ni kazi ya subira, si ya nguvu. Fungua kabati la chini ya sinki, toa masabuni na mifuko yako, ushike paipu kwa mkono: penye baridi ya kuuma, au penye utandu mweupe wa theluji nyembamba, ndipo penyewe. Chukua blodrai, ile ya kukaushia nywele. Anza karibu na mfereji, urudi nyuma polepole kuelekea ukutani. Usianzie katikati, maana maji utakayoyeyusha, na mvuke wake, yatakosa njia na yatabanwa baina ya barafu mbili. Sogeza mkono huku na huku, usikaze mahali pamoja, hasa kama paipu ni ya plastiki. Huna blodrai, chovya taulo kwenye maji ya moto, kamua, zungushia, na likipoa rudia. Dakika thelathini, saa nzima, pengine zaidi. Na chini pakiwa na maji, kitu chochote cha umeme usikishike.

Paipu ikiwa ndani ya ukuta usiyoifikia, ongeza hita ya nyumba, acha makabati wazi, elekeza feni iupulizie ukuta ule hewa ya joto. Saa mbili tatu zikipita bila tone, mwite fundi.

Moto usitie kabisa. Si kandili, si mshumaa, si ile mashine ya gesi ya kuchomelea: nyumba zile ni mbao tupu na ndani ya kuta zimejazwa vitu vinavyoshika moto. Mtoto mmoja wa Likoni aliniuliza kama anaweza kuingiza jiko la makaa, analo la kuchomea mishikaki kiangazi. Nilimpigia kelele mpaka watu wa barazani wakageuka. Nyumba za kule zimezibwa madirisha yote kwa baridi, moshi wa makaa una kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua waliolala.

Mpwa wangu alichukua dakika hamsini. Aliniweka kwenye spika juu ya sinki, nikasikia mfereji unakohoa, kisha unatema, kisha ukawa unatiririka. Nikamwambia asishangilie kwanza, ashuke chini na tochi atazame dari na kuta kwa nusu saa. Palikuwa pakavu, alhamdulillahi.

Usiku uliofuata ndio tulioshindana. Hali ya hewa ilisema nyuzi 24 za Selsiasi chini ya sifuri. Paipu zilizo ukuta wa nje huanza kuwa hatarini baridi ya nje ikishuka chini ya nyuzi 7 hasi na ikikaa hivyo kwa saa kadhaa, basi hapo hakuna mjadala. Nikamwambia: leo lala mfereji ule ukidondoka, uzi mwembamba wa maji, wa moto na wa baridi. Akanyamaza. Mtoto aliyelelewa kwa madumu ya mkokoteni, ambaye mamake akimfuata bafuni kwa tone moja, anaambiwa aache maji yatiririke usiku kucha!

Najua inauma. Weka ndoo chini yake, asubuhi umwagie choo, lakini acha idondoke. Maji yanayotembea hayagandi upesi, na hata yakiganda mfereji uliofumbuka unapunguza ule mbano. Ni maji ya mto Mississippi, hapo hapo mjini kwao, hayapungui kwa uzi wako mmoja wa usiku tatu nne za baridi kali. Bei ya ukuta mpya ni nyingine kabisa.

Tabia moja ya kwetu ifuate kama ilivyo: ndoo mbili zijae kabla ya kulala. Moja ya choo, moja ya udhu na chai. Wenzako watakucheka mpaka siku mfereji utakapokauka.

Yaliyobaki ni madogo. Makabati ya sinki yawe wazi usiku wa baridi ili joto la nyumba liingie. Mpira wa bustani uchomoe kwenye mfereji wa nje tangu Oktoba, ukiuacha unashika maji na barafu inarudi ndani ya ukuta. Kwenye paipu zinazoonekana vika yale mabomba ya sponji yaliyopasuliwa ubavuni, yanauzwa rahisi duka lolote la vifaa vya ujenzi na hayataki fundi. Ile waya ya umeme ya kupashia paipu ni nzuri, ila fuata maandishi yake, usiiviringishe juu ya nafsi yake. Na hita usiizime usiku kwa kuogopa bili. Ukitoka nyumbani usiishushe chini ya nyuzi 13 za Selsiasi.

Na ukija Mombasa Disemba, maana mnakuja wote na kule kunabaki kutupu, funga koki kuu, fungua mifereji yote mpaka ikauke, vuta choo mara moja, na hita iache kwenye 13 hiyo hiyo. Ufunguo mwachie jirani aingie kila siku mbili tatu kuangalia. Mletee korosho.