Namna ya Kulinganisha Picha Mbili za Goti Moja

Fundi wa Mtaa wa Biashara anayetaka vipande viwili vya doti ya kanga vilingane haangalii maua yaliyo katikati, bali hukutanisha pindo kwa pindo. Anayelinganisha picha za MRI za goti, moja ya mwaka jana na nyingine ya mwaka huu, hufuata kanuni hiyo hiyo: mfupa ndio pindo, na gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa, ambalo ndilo tunalochunguza kama limeliwa na ostioathritisi (ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo), haliruhusiwi kuongoza kazi. Gegedu la goti lina unene wa milimita chache tu, na linalopungua kwa mwaka ni kijisehemu cha milimita. Ukikosea kwa nusu milimita, utakuwa umepima kosa lako badala ya ugonjwa.

Kabla ya yote, ondoa jina na namba ya mgonjwa katika faili za DICOM, yaani faili ambamo mashine za hospitali huhifadhi picha, ili kulinda faragha yake, ambayo inalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Kisha hakikisha kwamba picha zote mbili zimepigwa kwa mpangilio mmoja na ni za goti la upande mmoja. Niliwahi kuhangaika siku mbili na picha zilizokataa katakata kukaa pamoja, kumbe moja ilikuwa ya goti la kushoto.

Fungua picha hizo katika programu kama 3D Slicer, ambayo hailipiwi, uchore mipaka ya mfupa wa paja peke yake, na ya mfupa wa muundi peke yake. Hapa ndipo penye kazi hasa. Mgonjwa aliyelala mezani leo huenda amekunja goti zaidi kidogo kuliko alivyolikunja mwaka jana, na pembe hiyo ikishabadilika, hakuna msogezo mmoja utakaoirudisha mifupa yote miwili mahali pake. Kwa hiyo kila mfupa ulinganishwe kivyake. Vichomozo vya mfupa vinavyoota pembezoni mwa kiungo viache nje ya mipaka, kwa kuwa navyo hukua kadiri ugonjwa unavyoendelea.

Programu inapolinganisha, iruhusu misogezo mitatu na mizunguko mitatu, mmoja mmoja kwa kila upande wa pande tatu za nafasi, basi. Ulinganishaji unaonyumbua picha unafaa unapolinganisha magoti ya watu tofauti, lakini kwa goti la mtu mmoja utalivuta gegedu lililokonda hadi lifanane na la zamani, na badiko ulilolitafuta litatoweka mbele ya macho yako.

Programu ikimaliza, usiridhike na tarakimu ya ulinganifu inayokuonyesha. Panga picha hizo mbili kwa miraba, kama ubao wa drafti, ufuate ukingo wa mfupa kutoka mraba hadi mraba: mstari ukikatika popote, rudia. Unapohamisha mipaka iliyochorwa, tumia thamani ya nukta iliyo karibu zaidi, maana kila nukta hubeba lebo, yaani namba inayosema ni ya mfupa au ya gegedu, na wastani wa lebo hizo mbili hauna maana yoyote.

Ikiwezekana, omba watu wachache waliojitolea wapigwe picha mara mbili siku moja, wakishuka mezani na kupanda tena katikati. Gegedu lao halikupata muda wa kuchakaa, hivyo tofauti utakayoipima kati ya picha hizo ni ya mkono wako na mashine, na badiko lolote la mgonjwa lililo dogo kuliko hiyo usiliandike kwenye ripoti kuwa ni upungufu.