Mzazi ana mawazo na hataki hospitali? Fanya hivi (kwa wa Tanga)

Vijana sa hivi wanaenda kutibiwa. Hata Marekani, kati ya 2019 na 2021 watu wa miaka 18 hadi 44 waliopata matibabu ya afya ya akili walipanda toka asilimia 18.5 hadi 23.2, ila kuanzia 45 kwenda juu hakuna mabadiliko ya maana. Tanga naona yale yale, kijana wa Chumbageni anakwambia wazi ana stresi, mama yake anakwambia mwili wauma, moyo waenda mbio, usingizi hauji. Hao ndo wananiuma.

Usianze na neno akili, mzazi akilisikia anawaza Lutindi kule Korogwe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya tangu enzi za Mjerumani, na mazungumzo yameisha. Anza na alichosema mwenyewe: mama, usingizi wiki ya tatu huu, twende tukaulize. Kama ana kliniki ya presha ingia nae mpaka ndani maana akiulizwa atajibu "mie sijambo mwanangu" basi, we ndo useme kwamba hali chakula, haongei, hata shughuli za majirani kaacha kwenda. Omba wampime na sukari na thairoidi (tezi ya shingoni), afu uliza rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa.

Beba dawa zake zooote kwenye mfuko, mpaka mitishamba na vile vidonge vya maumivu vya dukani, dawa zinagombana.

Akiandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni na mawazo), uliza kama dozi ni ya kuanzia chini, kwa mzee inakausha mdomo, inaziba choo na mkojo, na akiinuka ghafla anapata kizunguzungu anaanguka, kwa iyo usiku akitaka kwenda chooni akae kwanza pembeni ya kitanda miguu chini, ndo asimame. Afu mwambie mapema kwamba dawa za sonona zinachukua wiki mbili hadi nne au zaidi kuonekana, wengi wanaacha wiki ya kwanza wanasema haisaidii. Na akipata nafuu asikate mwenyewe, daktari ndo anapunguza pole pole.

Dua msibishane, iendelee na dawa iendelee, tena shekhe anaemheshimu akimwambia "meza dawa" atameza kuliko ukimwambia wewe.

Ila akisema bora nife, usiseme ni maneno ya uzee. Siku hiyo hiyo hospitali, asiachwe peke yake, vidonge na sumu ya panya vitoke ndani.