Somo: Kupiga picha za maisha ya kila siku Mfangano

Wengi wenu mko Kisumu na Nakuru, na mmeuliza namna ya kupiga picha visiwani. Natumia mfano wa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Kenya, kwa watu wa jamii ya Abasuba.

Hatua ya 1: Angalia mwezi. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu hawavutwi vizuri na taa, na wavuvi wengi hubaki nyumbani wakishona nyavu. Unataka ufuo uliojaa omena? Nenda siku za giza. Njia: Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, kisha boti. Jaketi la kuokoa maisha ni lazima.

Hatua ya 2: Jitambulishe kwa mwenyekiti wa BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo) na useme picha zitaenda wapi. Halafu muombe kila mtu mwenyewe, maana ruhusa ya mwenyekiti si ruhusa ya mama anayeanika samaki wake. Keti kwanza, ongea, kamera ikae begani.

Hatua ya 3: Mwanga. Hapa ndipo picha nyingi nzuri hupotea. Asubuhi mama huinama kutandaza omena juu ya nyavu kuukuu, na samaki wale wabichi hurudisha mwanga hadi chini ya kidevu chake. Mwanga huo ni wa thamani sana! Lakini ziwa likimeta nyuma yake, kamera itautia uso giza. Pima mwanga usoni. Maji yakiwa meupe kupita kiasi, yaache. Chuchumaa, usimpige kutoka juu.

Hatua ya 4: Michoro ya miambani Kwitone, hapo hapo Mfangano, miviringo myekundu na myeupe. Panda na mwenyeji, kwa kuwa ni mahali patakatifu. Usiguse, wala usimwagie maji ili rangi ikolee.

MASWALI

Mwalimu, simu inatosha?
Inatosha kabisa mchana. Gusa uso kwenye kioo ndipo upige. Usiku ziwani itakusumbua.

Niwalipe watu?
Mimi silipi, kwa sababu pesa ikitangulia mtu huanza kuigiza. Ila nachapisha picha na kuwapelekea. Hilo ni deni, lilipeni.

Na watoto?
Muulize mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini yake.

Matangani je?
Mwenye boma ndiye husema. Akikataa, weka kamera kwenye begi na uendelee kukaa na wafiwa. Usiondoke eti kwa sababu umekosa picha.