Somo: Hatua za kumbandua Rais wa Kenya kwa njia ya Katiba

Tangu Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Muswada wa Fedha na kumtaka Rais aende nyumbani, kuna swali linalonifuata kila ninapofundisha elimu ya uraia: "Mwalimu, Rais hutolewaje?" Wengi hujibiwa "Bunge litamtoa", na maongezi yanaishia hapo. Leo tulifungue jibu hilo. Kaa na Katiba ya 2010 mkononi, fungua vifungu vya 144 na 145, usome nami.

Hatua ya 1: Sema hafai kwa nini

"Hafai" peke yake si shtaka. Katiba ina milango miwili tu. Kifungu cha 144 ni mlango wa maradhi: Rais hana tena uwezo wa mwili au wa akili wa kufanya kazi yake. Kifungu cha 145 ni mlango wa makosa, nayo ni matatu: amekiuka Katiba au sheria nyingine kwa kiwango kikubwa, kuna sababu nzito za kuamini ametenda uhalifu chini ya sheria za nchi au za kimataifa, au amekuwa na mwenendo mbaya kupindukia.

Unga kupanda bei hakumo humo. Ahadi za kampeni zilizosahaulika hazimo. Najua inauma, maana hayo ndiyo yanayomfanya mtu aamke usiku, lakini adhabu ya hayo ni kura yako kila baada ya miaka 5. Kwa hiyo kabla ya kumwendea mbunge wako, andika sentensi moja: Rais alitenda nini, lini, akavunja kifungu kipi, na ushahidi uko wapi. Sentensi ikikushinda, bado huna hoja, una hasira. Hasira yako inaweza kuwa ya haki kabisa, ila Spika hawezi kuipokea.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Hapa ndipo mambo hukwama, basi twende polepole. Bunge la Taifa lina wabunge 349: 290 wa maeneobunge, 47 wawakilishi wa wanawake wa kaunti, na 12 wa kuteuliwa. Kuwasilisha hoja ya kifungu cha 145, mbunge anahitaji kuungwa mkono na angalau theluthi moja ya wote, yaani 117. Kuipitisha ni theluthi mbili ya wote, yaani 233.

Tia mstari chini ya neno "wote". Haihesabiwi theluthi mbili ya waliohudhuria. Tuseme wabunge 300 wamekuja, 230 wamesema ndiyo na 70 wamesema la. Kwa macho ya kawaida Rais ameshindwa vibaya. Kwa macho ya Katiba hoja imeanguka. Mbunge aliyebaki nyumbani siku hiyo akisingizia mafua, au aliyekaa ukumbini asipige kura, amemsaidia Rais sawasawa na yule aliyesema la. Ndiyo maana nawasihi mnaofuatilia kura hizi: msiishie kwenye orodha ya waliopinga. Ombeni pia orodha ya wasiokuwepo.

Hatua ya 3: Kutoka Bunge la Taifa hadi Seneti

Hoja ikipita, Spika wa Bunge la Taifa ana siku 2 za kumjulisha Spika wa Seneti. Huyo naye ana siku 7 za kuita kikao cha kusikiliza mashtaka. Muda wote huu Rais anaendelea na kazi. Anateua, anatia saini, anasafiri. Bunge la Taifa limeshtaki tu, halijahukumu.

Hatua ya 4: Seneti inahukumu

Seneti inaweza kuunda kamati maalum ya maseneta 11, itakayoleta ripoti ndani ya siku 10. Rais ana haki ya kufika mbele yake mwenyewe au kuwakilishwa na mawakili. Kamati ikisema mashtaka hayana msingi, safari imekufa palepale. Ikisema yana msingi, Seneti inampa Rais nafasi ya kujitetea, kisha inapiga kura.

Maseneta ni 67. Theluthi mbili ya wote ni 45. Na shtaka moja tu likithibitishwa kwa kura hizo linatosha. Yakiwa mashtaka 11 na kumi yakaanguka, lile la kumi na moja linamtoa.

Mfano tuliouona kwa macho

Hakuna Rais wa Kenya aliyewahi kupitishwa njia hii hadi mwisho. Ila kifungu cha 150 kinasema Naibu Rais hubanduliwa kwa utaratibu uleule wa 145, na mwaka 2024 tuliuona ukifanya kazi.

Tarehe 1 Oktoba, mbunge wa Kibwezi Magharibi, Mwengi Mutuse, aliwasilisha hoja dhidi ya Rigathi Gachagua ikiwa na mashtaka 11 na saini 291. Tarehe 4 wananchi walikusanywa katika kaunti kutoa maoni. Tarehe 8 Gachagua alijitetea mwenyewe bungeni. Usiku huo 281 wakaunga mkono na 44 wakapinga. Seneti haikuunda kamati, ilimsikiliza kwa kikao cha maseneta wote tarehe 16 na 17. Siku ya pili, zamu yake ya kujitetea ilipofika, ikasemekana ameugua na yuko hospitalini. Mawakili wake waliomba muda, maseneta wakakataa. Mashtaka 5 kati ya 11 yalithibitishwa, akawa Naibu Rais wa kwanza kubanduliwa chini ya Katiba hii. Kesho yake Kithure Kindiki alipendekezwa na kuidhinishwa, lakini amri za mahakama zilichelewesha kiapo hadi tarehe 1 Novemba.

Kutoka hoja hadi hukumu, siku 17. Nawaomba mfikiri kwa nini ilikwenda haraka hivyo. Wabunge wa upande wa Rais na wengi wa upinzani walikuwa wamekubaliana. Hoja ya kumbandua Rais mwenyewe itakutana na wabunge wanaotegemea ukumbi huohuo wa Ikulu. Njia ni moja, mwinuko si mmoja. Na nasema wazi: kile kikao cha Oktoba 17 kilinikosesha raha. Haki ya kusikilizwa inalindwa zaidi pale tusipompenda anayesikilizwa.

Mlango wa maradhi

Kifungu cha 144 hakizungumzwi sana, nacho kimeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Mbunge anaungwa mkono na robo ya wabunge wote (88). Hoja inapita kwa zaidi ya nusu ya wote (175). Spika anamjulisha Jaji Mkuu ndani ya siku 2, na Jaji Mkuu ndani ya siku 7 anaunda jopo la watu 5: madaktari 3, wakili 1, na mtu 1 anayependekezwa na Rais mwenyewe. Je, Rais akiwa hajitambui? Waandishi wa Katiba walifikiria hilo. Mtu huyo atapendekezwa na mmoja wa familia yake, na wasipopatikana, na jamaa wa karibu. Jaji Mkuu akikawia, Naibu wake anaunda jopo.

Jopo lina siku 14. Uamuzi wake haukatiwi rufaa. Likisema Rais anaweza kazi, yameisha. Likisema hawezi, Bunge la Taifa linapiga kura kuidhinisha, tena kwa zaidi ya nusu ya wabunge wote. Seneti haihusiki hapa.

Rais akitoka kwa mlango wowote, Naibu Rais anashika kiti kwa muda uliobaki. Uchaguzi hauitishwi.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Kisumu: Mwalimu, sisi wapiga kura hatuwezi kukusanya saini tumwite Rais nyumbani, kama mbunge?

Hapana, ndugu yangu. Haki ya kumwita mwakilishi nyumbani, iliyo katika kifungu cha 104, ni kwa wabunge na maseneta. Haimfikii Rais. Mnachoweza ni kumbana mbunge wenu kwa maandishi, mkimpelekea ile sentensi ya hatua ya kwanza.

Swali la mama mmoja wa Likoni: Kwa nini tusiende kortini moja kwa moja? Si mwaka 2017 korti ilimtoa Rais?

Shikamoo mama. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi tarehe 1 Septemba, haikumbandua Rais. Kesi ya aina hiyo huwasilishwa ndani ya siku 7 baada ya matokeo kutangazwa, na huamuliwa ndani ya siku 14. Muda huo ukipita, mlango huo umefungwa. Akiwa kazini, kifungu cha 143 kinamkinga dhidi ya kesi za jinai, isipokuwa uhalifu ulio chini ya mikataba ya kimataifa isiyoruhusu kinga hiyo. Hata kesi za madai juu ya kazi yake ya urais, Mahakama ya Juu ilisema Machi 2022 kwamba hazifunguliwi. Lakini korti haikukosa kazi. Martin Wambora wa Embu alibanduliwa ugavana mwaka 2014 akarudi ofisini kwa amri za mahakama. Utaratibu ukivunjwa, korti huingia.

Swali kutoka Tanga: Sisi huku Tanzania hatua ni hizihizi?

Zinafanana jina, kaka, si mwili. Kwenu ni ibara ya 46A. Taarifa ya maandishi hutiwa saini na asilimia 20 ya wabunge wote na kufika kwa Spika siku 30 kabla. Theluthi mbili ya wote huunda Kamati Maalum ya Uchunguzi, mwenyekiti wake Jaji Mkuu, pamoja na Jaji Mkuu wa Zanzibar na wajumbe 7 wanaoteuliwa na Spika. Tofauti kubwa ni hii: kamati ikiundwa tu, Rais wenu anahesabiwa hayupo kazini. Huku kwetu anaendelea kukalia kiti na kushika kalamu, na mimi naona hapo mmetushinda. Kamati ina siku zisizozidi 90, kisha theluthi mbili tena. Akipatikana na makosa, anapaswa kujiuzulu ndani ya siku 3, na anapoteza pensheni. Ugonjwa uko ibara ya 37, na huko wanaoanza si wabunge bali Baraza la Mawaziri. Ibara hiyohiyo ya 37 ndiyo iliyomwapisha Mama Samia Machi 2021, baada ya kifo cha Rais Magufuli.

Swali kutoka Nakuru: Na Rais na Naibu wake wakiondoka pamoja?

Kifungu cha 146. Spika wa Bunge la Taifa anakaimu urais, na uchaguzi unafanywa ndani ya siku 60. Hapo ndipo mwananchi anarudi kwenye debe mapema.

Swali kutoka Garissa: Rais akilazwa wiki tatu ng'ambo, ni lazima jopo liundwe?

La. Kukosekana kwa muda ni kifungu cha 147: Naibu Rais anashikilia kazi hadi Rais arejee. Jopo ni la pale ambapo hoja iliyoungwa mkono na wabunge 88 imepitishwa na angalau 175, kwamba uwezo wa mtu huyu wa kufanya kazi uchunguzwe.